Mdiria wa Silanga

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeshtuka! Mzee Nyongesa amekuja karakana leo. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kutoka Kambi Muru kule Kibera mpaka hapa Kawangware. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi ambalo halijapigwa kitambaa. Nilikuwa nawaza, si kulala. Nikafungua macho, kofia ya baba mkwe hii hapa juu yangu!

Bado si baba mkwe. Ni baba yake Phanice, na hapo ndipo shida ilipo. Alikataa kiti. Alisema amesikia najiita mpiga picha wa wanyamapori. Nikakubali. Akauliza wanyama gani. Nikasema wa kila aina. Akauliza picha ziko wapi. Nikasema kazi ya sanaa haiharakishwi.

Akaniambia kuna tangazo ukutani pale ukumbi wa vijana. Maonyesho ya picha za wanyama na ndege, ya watu wanaopiga kwa mapenzi tu, Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye ndiye mgeni wa heshima kwa sababu ni mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Magharibi. "Walubengo, picha yako ikishinda, wazee wataketi tuongee mambo ya mahari. Isiposhinda, wachana na msichana wangu." Alisema mbele ya mafundi wote! Kisha akaenda bila hata chai.

Najua nani amemjaza maneno. Austin wa Riruta! Ana kamera yenye lenzi kama paipu ya choo. Kila Jumapili baada ya kanisa anapita kwa Mzee kumwonyesha simba wake. Phanice anasema yeye hamtaki Austin hata kwa dawa. Lakini anasema pia simba ni mzuri. Hiyo sikuipenda.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeanza kazi. Sina kamera, nina simu. Kioo chake kiliangukiwa na nyundo, sasa upande wote wa kushoto ni doa jeusi kama wino uliomwagika. Si neno. Jicho la msanii halitegemei kioo.

Asubuhi nimempiga picha kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu mwenye kelele, kwenye lundo la taka nyuma ya soko. Ametoka mkia tu. Nikampiga tena, akanilia usoni hadi wachuuzi wakacheka. Kwarara hana adabu.

Mchana nikaenda Silanga kule Kibera, kwenye bwawa. Pale ndege ni wengi: yangeyange, mnandi, hata mdiria yule mweupe na mweusi anayening'inia hewani akitafuta samaki. Huyo ndiye! Simba anakaa tu akipiga miayo, hata mimi naweza. Mdiria anafanya kazi.

Nilikuwa nimemkaribia kabisa, simu iko juu, pumzi nimezibana. Nikasikia sauti ya mama akiimba wimbo wa kanisa. Mama Jael! Mamake Phanice ana shamba lake la sukuma wiki na managu pale pale kando ya maji!

Tangu nilipoenda kujitambulisha mwezi wa nne, mimi na Mama Jael hatuonani. Ni desturi yetu Wabukusu. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hamwangalii usoni. Hamwoni akila, seuze akiwa hajajisitiri. Akikutana naye njiani, anaingia kichakani mpaka mama apite. Vijana wa mtaani wananicheka, lakini mimi kwa heshima sina mchezo. Nilijirusha kwenye shamba la nduma la watu. Nduma ziko kwenye tope. Tope likaingia mpaka masikioni.

Mdiria alienda zake. Mwenye nduma akanifukuza na jembe.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango! Nimestaajabu kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuufikiria.

Ndege anaogopa mtu. Ndege haogopi kochi. Mimi nina makochi.

Nimechukua lile la watu watatu lililokosa mnunuzi. Nimetoa mbao za chini nikabakisha mipira ya juu na sponji. Ndani kuna nafasi ya mtu mzima kulala kifudifudi. Nimetoboa tundu kwenye mkono wa kochi, nikaifunga simu hapo kwa mpira. Kuna programu inayofanya simu ipige picha yenyewe tena na tena bila kuguswa. Mimi nitalala tu. Austin ataona vumbi!

Mafundi wenzangu wameniuliza kama niko sawa. Nimewaambia niko zaidi ya sawa.

Alhamisi, 4 Septemba

Sijui niandike vipi. Haya yamenipata mimi, leo, mchana kweupe.

Nashon wa mkokoteni alinifikishia kochi Silanga mapema. Alinisaidia kuliweka kando ya maji, akatikisa kichwa, akaenda. Nikaingia ndani. Mara yangeyange mmoja akatua kwenye mkono wa kochi! Nilisikia kucha zake juu ya kitambaa. Nikafurahi nikataka kulia.

Kisha watu wakaanza kuja. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja: ndege haogopi kochi, lakini binadamu analipenda. Aliketi mzee mmoja, akavuta sigara yote, akaondoka. Waliketi wapenzi wawili, wakagombana, wakaondoka. Akaja Akeyo, yule mama muuza makaa, mnene na mwema. Mipira ikashuka mpaka mgongoni kwangu. Nikavumilia. Sanaa ina gharama.

Halafu Akeyo akaita: "Jael! Kuja upumzike, kuna kiti ya bure huku!"

Hapana, nikasema moyoni. Hapana, hapana, hapana.

Akaja! Mama Jael alikuja, akaketi! Juu yangu! Mama mkwe wangu, mtu ambaye sistahili hata kumwona kivuli, ameketi juu ya mgongo wangu, na katikati yetu ni sponji! Sponji yenyewe si ya hali ya juu, naijua, niliinunua mimi.

Nikitoka, nimeangamia. Nikikohoa, nimeangamia. Nikabaki nikijiombea nizimie. Na sikuzimia, nikasikia kila kitu. Akeyo aliuliza habari za mkwe. Mama Jael akajibu kwamba kijana ana heshima, hilo hana shaka nalo, tangu Aprili hajawahi kumwona hata kisigino. (Mungu wangu!) Ila hajui hiyo kazi ya kupiga picha ndege italisha mtu vipi. Kisha nikasikia anatafuna. Alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha! Kula! Juu ya mkwe!

Nikafumba macho. Hayo ndiyo pekee niliyoweza kufanya kwa ajili ya desturi. Nikayafumba kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Baadaye mipira ikapanda, nikajua wamesimama. Maji yakasikika yakimwagwamwagwa karibu sana. Kitu kikatumbukia bwawani, chubwi! Mimi macho nimefumba. Sikufungua mpaka kukawa kimya kabisa.

Nikatambaa nje. Kumbe Akeyo alikuwa amerudi kuchukua debe lake. Alipoona kochi linazaa mtu, alipiga nduru ya jina la Yesu ambayo nadhani ilisikika Lang'ata. Nikakimbia na simu yangu bila kugeuka. Kochi nimeliacha.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimerudi kulichukua kochi. Halipo! Nimeuliza, hakuna aliyeliona. Mtaa huu! Mtu anaiba kochi zima na hakuna aliyeliona!

Lakini sikilizeni. Nimeangalia picha za jana. Nyingi ni za tope. Moja ni ya goti la mtu. Mbuzi amejitokeza mara nyingi mno. Halafu, nikiwa nimekata tamaa, nikaona upande wa kulia wa kioo, pale pasipo na doa jeusi... mdiria! Mabawa wazi, maji yanaruka kila upande, na samaki mdomoni, anang'aa! Jicho la ndege limetoka safi kabisa. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mabati.

Sikuwa hata naangalia. Hicho ndicho kipaji.

Sitamwonyesha mtu. Hata Phanice. Austin akisikia atanunua kochi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimetuma picha kwa Mbuvi, yule jamaa wa kuchapisha mabango hapa Kawangware. Wengine wataleta vipicha vya kuweka mezani. Mimi nimeagiza bango la kufunika ukuta. Nimemwapisha: asimwonyeshe mtu, akimaliza akunje, afunge kwa selotepu, na mimi mwenyewe sitalifungua mpaka siku yenyewe. Nataka nishtuke pamoja na watu.

Nimeenda ukumbini kuona nafasi yangu. Nimepigwa na butwaa! Marion, katibu wa ukumbi, amenipa ukuta wa kando ya choo. Na Austin amepewa ukuta wa mbele, nyuma ya jukwaa! Nikamwambia Marion simba wa Austin si wa porini, ni wa kufugwa, ukiangalia vizuri waya wa ua unaonekana nyuma ya sikio. Akasema ataangalia. Austin alikuwa nyuma yangu. Akasema hiyo ni nyasi. Nikasema nyasi gani imesukwa? Akasema mimi hata hiyo nyasi sina. Tukashikana mashati kidogo.

Mwishowe nimemwambia Marion viti vya ukumbi vimechanika vyote, nitavishona bure kama nitapewa ukuta wa mbele. Amekubali bila kufikiri. Austin amehamishiwa chooni!

Jumatano, 10 Septemba

Vidole vimevimba. Sikujua ukumbi ule una viti vingi kiasi hicho. Vingine Marion amevitoa kwao nyumbani, nina hakika.

Mbuvi amenipigia simu. Ameuliza kama nina uhakika nataka picha yote jinsi ilivyo. Nikasema yote. Akauliza kama asikate kidogo upande wa kushoto. Nilikasirika! Nikamwambia Austin ndiye anayekatakata picha zake kuficha ua. Mimi sikati hata unyoya. Mbuvi akasema basi ni sawa, yeye ni mchapishaji tu, na kwamba kusema kweli upande wa kushoto nao umetokea vizuri sana. Nikamwambia bila shaka umetokea, nimeupiga mimi.

Jamaa ana kazi nzuri lakini anapenda kuingilia sanaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Bango nimelipokea, limefungwa kama maiti. Zito! Nimelining'iniza ukutani mbele na pazia juu yake. Nimepanga na Marion kwamba Mzee Nyongesa mwenyewe ndiye atakayevuta kamba. Akiifunua kwa mkono wake mwenyewe, atasemaje?

Phanice amekuja kuniona nikishona kiti cha mwisho. Amenishika bega, akasema hata nisiposhinda anajua nimejaribu. Nimeguswa. Nampenda huyu msichana, nimeandika na sifuti. Lakini nimemwambia asiseme neno "nisiposhinda" karibu na bango.

Jumamosi, 13 Septemba

Yamekwisha. Mimi nimekwisha. Naandika nikiwa nimejifungia na kabati liko mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Wazee wa chama wote walikuwa mstari wa mbele na kofia zao na bakora. Mama Jael alikuja pia, lakini kwa kuwa mimi nilikuwa ndani, alibaki nje nyuma ya ukumbi na akina mama wa chai. Heshima mpaka mwisho! Nilijivuna kwa sababu hiyo. Nilisema moyoni, familia hii na mimi tunaelewana.

Simba wa Austin aliangaliwa na waliokwenda chooni. Kisha Marion akashika kipaza sauti, akasema sasa ni zamu ya Walubengo. Mzee Nyongesa akapanda jukwaani, akakohoa, akavuta kamba. Pazia likaanguka.

Upande wa kulia, mdiria wangu, mkubwa kama mlango. Mabawa, maji, samaki. Watu wakaguna kwa mshangao.

Upande wa kushoto, mkubwa zaidi kuliko mlango, mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu! Amesimama majini akinawa matope, sketi ameipandisha na kuifunga juu, miguu yote nje, yote, mpaka juu kule ambako siwezi hata kuandika. Mkono mmoja umeshika gunzi la mahindi. Mdomo umejaa, shavu limetokeza. Punje zilionekana, moja moja! Hilo ndilo lililokuwa limefichwa na lile doa jeusi!

Wazee walivua kofia wakajifunika nyuso wote kwa pamoja. Mzee Nyongesa alibaki ameshika kamba, anamwangalia mke wake juu ya ukuta, na mke wake anatafuna.

Mimi niligeuka nikautazama ukuta wa nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa. Nifanye nini? Haifai nimwone! Hapo ndipo sauti ya Akeyo wa makaa ikapasua ukumbi: "Aki si huyu ni Jael! Jael, kuja haraka! Wamekuweka kwa ukuta!"

Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Na nani alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, na birika la chai mkononi, kuja kuona amewekwaje kwa ukuta?

Tuligongana uso kwa uso. Nilimwona macho. Akaniona macho. Birika likaruka. Yeye akafumba macho, mimi nikafumba macho, tukasimama hapo tumelowa chai, hakuna anayejua njia. Mwishowe nikapapasa ukuta mpaka nikafika nyuma ya tangi la maji, nikachuchumaa huko.

Sasa sikilizeni jambo la kunimaliza. Nikiwa nyuma ya tangi, nilisikia kipaza sauti. Mwamuzi alikuwa dada mmoja mtaalamu wa ndege wa porini, ametoka Mombasa, desturi zetu hazijui. Alisema kwa sauti ya furaha kwamba ameona picha nyingi za wanyama, lakini moja tu inaonyesha mama anayefanya kazi na ndege anayefanya kazi wakigawana maji yale yale, na wote wawili wana chakula mdomoni. Mshindi wa kwanza ni Walubengo!

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alianza, akanyamazishwa.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Ningeketi wapi?

Phanice amekuja. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema mamake amelala tangu jana, leso kichwani, hajasema neno. Babake amekula mkate mkavu kwa sababu hakuna aliyepika. Akaniuliza, "Walu, wewe ni mtu wa aina gani?" Nikamwambia ni doa. Akauliza doa gani. Nikamwonyesha simu. Aliangalia kioo muda mrefu, akasema alidhani ninajua kwamba kioo kimeharibika.

Kisha akasema lile nililoliogopa. Kwamba mamake akikataa, yeye hatapita juu ya mamake. Ananipenda, lakini hatapita. Jumanne wazee wataketi kwao Kambi Muru, na niende peke yangu.

Ameondoka. Nimelia. Sijali nani atasoma.

Austin amepita karakana, amesema pole. Amesema pole huku anacheka! Nimemrushia gundi, imempata fundi mwingine.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi, na bado nina roho. Nisimulie taratibu.

Nilifika Kambi Muru nikiwa na suti ya kuazima. Nikaingia sebuleni nikiinamisha kichwa. Nilipokiinua, nikashtuka nikaegemea mlango. Wazee walikuwa wameketi wote kwenye kochi langu! Lile lile! Kitambaa ni changu, misumari ni yangu, na tundu liko pale pale kwenye mkono. Mzee Nyongesa alisema kwa fahari mke wake aliliokota kando ya bwawa, halina mwenyewe. Nifanyeje? Niseme ni langu? Wataniuliza lilifikaje, na ndani kulikuwa na nani. Nikasema ni kochi zuri sana, fundi wake ni hodari.

Mama Jael alikuwa jikoni, mlango umefungwa. Shangazi Nabalayo, dada yake Mzee, ndiye aliyekuwa akibeba maneno huku na huko.

Mzee wa kwanza akasema nifukuzwe, hajawahi kuona laana ya ukubwa ule, yenye rangi. Wa pili akauliza kama niliangalia nilipokuwa napiga. Nikaapa kwamba nilifumba macho. Akasema, aah, kwa hiyo ulikuwepo! Nikasema hapana, simu ilikuwa peke yake, macho niliyafumba mahali pengine. Akauliza, mahali gani? Nikajifanya nakohoa. Wakati huo Mzee Nyongesa alikuwa anawaza, na kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye tundu la kochi, kinazunguka, kinatoka, kinaingia. Sikuweza kutoa macho hapo.

Mwishowe akasema. Alisema nimemwaibisha kuliko mtu yeyote tangu aje Nairobi. Lakini alitoa neno mbele ya watu: picha ikishinda, wazee wataketi. Picha imeshinda. Yeye si mtu wa kula maneno yake. Hata hivyo desturi ni desturi. Nilete mbuzi, na blanketi zito la kumfunika mama, kwa kuwa nilimfunua. Na kabla ya yote, aulizwe mwenyewe. Akikataa, basi.

Shangazi Nabalayo akaingia jikoni. Tukangoja. Nilisikia kuku wakitembea. Phanice alikuwa amesimama dirishani kwa nje, nikaona vidole vyake tu vimeshika nondo, vyeupe. Nilijua jibu likiwa hapana, vidole hivyo sitaviona tena. Nikamwomba Mungu anisamehe simu, kochi, na hata ile gundi.

Shangazi akatoka. Akasema: "Mama anasema hivi. Picha ni nzuri. Lakini huyu kijana angengoja kwanza nimeze."

Halafu jikoni kukasikika kicheko. Cha Mama Jael! Kikapanda, kikapasuka, na Akeyo wa makaa naye yuko humo ndani anapiga mapaja. Wazee wakaanza kutikisika. Hata yule wa laana! Mzee Nyongesa alijikaza, akashindwa, akajifuta macho kwa kofia. Shangazi akaongeza kwamba tangu Jumamosi watu wanapita shambani kumwona mama wa picha, na kila anayekuja kuona anaondoka na sukuma.

Bango nimeamriwa nilikabidhi. Limeshakuwa paa la banda la kuku, uso umeangalia chini. Kuku ndio wanaomwona sasa.

Mahari itazungumzwa Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Phanice alinisindikiza mpaka barabarani na hakuachia mkono wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Sina maneno! Bahati inanitafuta mimi, siitafuti.

Alhamisi asubuhi nimepeleka mbuzi na blanketi Kambi Muru. Vimepokewa vizuri. Wakati wanamfunga mbuzi, nikainua macho. Juu ya paa la nyumba ya wakwe zangu, kwenye ukingo wa mabati, nani ametulia ananiangalia? Bundi! Bundi mkubwa, macho ya manjano kama sahani, hata haogopi mchana! Nikachomoa simu. Akanigeuzia kichwa chote. Akasubiri mpaka nimemaliza, ndipo akaruka. Austin na simba wake wakalale.

Sasa nina mpango. Jumamosi ijayo wazee wa pande zote wataketi sebuleni kuongea mahari, na mkwe mwenye heshima haendi mikono mitupu. Nitawapa zawadi: bundi wao, kutoka paa lao wenyewe, bango la kufunika ukuta mzima juu ya vichwa vya wazee. Jambo la nyumbani kabisa. Wataguswa.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Makosa hufunza, na mimi nimefunzika. Nimeipeleka picha kwenye kompyuta ya Mbuvi nikaikagua kushoto na kulia, juu na chini. Hakuna binadamu hata mmoja. Ni bundi, paa, na kipande cha dirisha la chumba cha Mzee. Safi!

Mbuvi amekataa kuiangalia. Ameichapisha huku amegeukia barabarani. Ameniuliza kama kwetu hatujui bundi akitua juu ya nyumba ya mtu ni habari gani. Nimemwambia najua sana, hata bibi yangu alikuwa akimfukuza kwa kijinga cha moto. Lakini hayo ni ya bundi wa kweli, huyu ni wa karatasi.

Phanice ameuliza zawadi ni nini. Sikumwambia. Nimemwambia tu awaandae watu wa kwao, kwa sababu nikiifungua hiyo zawadi, hata majirani watakuja mbio.